Inchi Mbili za Akiba

Daftari langu la vipimo halijui siasa.
Ukurasa wa kumi na tisa limeandika tu:
Ngwali Mcha, mwalimu wa hesabu, Limbani.
Kifua thelathini na nne.
Suruali ya khaki, moja. Kalipa nusu.

Mwaka huo mvua ziliozesha karafuu majamvini,
naye jioni, chaki bado vidoleni,
alikaa kibarazani kwangu akipiga hesabu kwa sauti:
pishi ngapi, kilo ngapi,
mchumaji anabaki na nini zaidi ya makonyo.
Watu wakasogea. Ndivyo ilivyoanza,
si kwa hotuba, kwa kutoa na kugawanya.

Aliposhinda alikuja na kitambaa cha kijivu,
mchango wa akina mama wa Bopwe,
kimekunjwa ndani ya gazeti.
"Fundi, koti la kuapia."
Alitanua mikono, macho ukutani,
akinong'ona jedwali la saba,
nikajua anaogopa.
Ndani ya mshono wa ubavuni
nikamfichia inchi mbili za akiba.
Baba alinifunza: mtu mzima hukua pembeni.

Zilitumika. Sitaki kumsema vibaya maiti,
lakini mwaka wa pili zilikwisha.
Makoti yaliyofuata alipimwa kwa simu:
"Ongeza, fundi, ongeza tu, si unanijua."
Nilikuwa nikimjua.
Pampu ya maji ya Limbani ni yeye,
hilo nalisema mbele ya yeyote,
hata kama leo imesimama
na kuku wanatagia kwenye kibanda chake.
Wagonjwa wangapi aliwalipia boti ya Unguja, sijui,
wala yeye hakuhesabu,
yeye aliyehesabu kila kitu.

Siku ya mswada wa karafuu nilisimamisha cherehani.
Juzi yake tu alisimama hapa,
pini zangu zingali begani mwake, akaniambia:
"Safari hii nasema."
Redio ikakohoa kutoka Chukwani.
Spika akauliza wanaoafiki.
Katika ile "ndiyo" moja ya watu wengi
niliisikia ya kwake,
kavu, ya mwalimu anayeita mahudhurio.
Mke wangu akasema, umekosea, zote zinafanana.
Mimi nimempima shingo miaka kumi na minne.
Najua sauti yake inapopitia.

Vipindi vitatu, kisha sanduku likamkataa.
Alirudi Wete bila dereva,
akaja kwa miguu, jua la utosi,
lile lile koti la kijivu mkononi.
"Punguza."
Nikapunguza. Mwezi wa pili tena.
Sukari ilikuwa inamla,
na mshono ukirudi ndani kila mara
mpaka chaki yangu ya kwanza ikajitokeza,
mstari mweupe, mwembamba.
Aliutazama kwa muda mrefu.
Hakuuliza kitu. Nami sikumwambia kitu.
Akaniwachia koti nilimalizie pindo.
Hakulirudia.

Mazikoni kaka yake alisimama mbele ya jeneza:
anayemdai marehemu aje kwetu,
na aliyekosewa, amsamehe.
Nilikuwa namdai elfu arobaini ya ufundi
na jibu moja.
"Tumemsamehe," watu wakasema,
na sauti yangu ikaingia ndani ya zao
kama uzi ndani ya pindo.
Hakuna ambaye angeitambua.

Koti bado linaning'inia nyuma ya mlango.
Wajukuu wake hupita, hawaulizi,
nami silitoi.

Wiki iliyopita kaja kijana,
picha zake tayari zimebandikwa ukuta wa soko,
viatu vya ncha, harufu ya udi.
"Fundi, la kuapia. Uniwachie nafasi."
Nikamuuliza: ya tumbo au ya pumzi?
Akacheka, akaweka arbuni mezani.
Nikavuta futi, nikafungua ukurasa mpya.
Kifua, nikaandika,
thelathini na nne.